Uchambuzi wa Kisa: Mlima Kenya Jumatatu, Samburu Jumanne

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kiangazi cha mwezi wa Februari, na ratiba yake ilipangwa kwenye meza yangu, katika ofisi ndogo ya Nairobi inayowaandalia watu safari za mlimani na mbugani. Majina yameondolewa, mwaka umeachwa, na mambo machache yasiyogusa matokeo yamebadilishwa. Familia inayohusika imeridhia kisa kiandikwe ili wanaopanga safari za namna hii, na wanaozilipia, wapate cha kujifunza.

Waliopanda mlima walikuwa wanne. Bw. K., mwenye umri wa miaka 44, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Nairobi, ndiye aliyekuja ofisini na ndiye aliyelipa. Alifuatana na binamu zake wawili, vijana wa Nairobi wenye mazoea ya kukimbia asubuhi, na dada yake Bi. Z., mwenye miaka 38, ambaye maisha yake yote ameishi Mombasa, usawa wa bahari. Mtu wa tano alikuwa mama yao, mwenye miaka 66, aliyekataa kabisa habari za baridi ya mlima lakini aliyekuwa ametamani kwa miaka mingi kuwaona wanyama pamoja na watoto wake wote wawili. Yeye angesafiri kutoka Mombasa na kuungana nao Nanyuki siku ambayo wangeshuka. Naeleza habari za mama mapema kwa sababu uzito wake katika kisa hiki ni mkubwa, ingawa hakuwahi kukanyaga mlima.

Ratiba tuliyoipendekeza kwanza ilikuwa ya siku 12: usiku mmoja Nanyuki, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,950, siku tano za mlima kwa njia ya Sirimon, moja kati yake ikiwa ya kuuzoesha mwili hewa nyepesi ya juu, siku moja ya kupumzika baada ya kushuka, kisha Samburu na Maasai Mara. Likizo ya Bw. K. ilikuwa siku 9. Katika kupunguza siku tatu tuliondoa usiku wa Nanyuki, tukaondoa siku ya kuuzoesha mwili, na tukaondoa siku ya mapumziko. Upande wa mbugani hatukuondoa kitu, kwa kuwa loji na nauli za ndege ndogo ya kwenda Mara zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Ratiba iliyobaki ilikuwa hivi: Jumamosi, kutoka Nairobi hadi lango la Sirimon na kutembea hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, Jumapili, kutembea kilomita 14 hivi hadi kambi ya Shipton, karibu mita 4,200, Jumatatu, kuamka usiku wa manane kupanda kilele cha Lenana, mita 4,985, na kurudi Old Moses siku hiyo hiyo, Jumanne, kutoka langoni, kumchukua mama Nanyuki, na kuingia Samburu kabla ya jua kuzama. Ratiba ya mlima ya aina hii huuzwa kila siku Nairobi na watu wengi huimaliza salama, jambo ambalo ndilo hutufanya tuiamini kupita kiasi. Mwongozo unaotumiwa na matabibu wa milimani husema kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kati ya Old Moses na Shipton tofauti ni mita 900.

Kuna jambo moja zaidi la usuli. Kwenye fomu ya afya, Bi. Z. aliandika kwamba dawa za salfa humtoa vipele. Daktari aliyeipitia fomu hiyo aliona ni busara asipewe asetazolamidi, dawa ambayo wapandaji wengi huimeza kuzuia ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu anayepanda juu upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Taarifa hiyo tuliipokea, tukaiandika, tukaifungia kwenye faili.

Mfuatano wa matukio

Bi. Z. alifika Nairobi kwa treni ya SGR Ijumaa usiku. Jumamosi kabla ya machweo alikuwa Old Moses. Kwa maneno mengine, katika muda wa siku moja hivi alikuwa ametoka ufukweni hadi mita 3,300. Usiku huo alilala vibaya na aliamka na kichwa kizito, jambo ambalo kwa mgeni wa mlima si la ajabu na halikumshtua mtu.

Jumapili hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kundi lilivuka bonde la Liki Kaskazini, likaingia bonde la Mackinder, na binamu walikuwa wakisimama kila baada ya muda kupigana picha katikati ya mimea mikubwa ya lobelia. Bi. Z. alikuwa nyuma na kimya. Alifika Shipton saa kumi na nusu jioni, saa moja na nusu baada ya wenzake, akaketi juu ya begi lake bila kuvua glovu. Jioni ile alianza kumeza doksisaiklini, dawa ya kujikinga na malaria ambayo huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo lenye ugonjwa. Samburu ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliimeza kwa chai nusu kikombe kwa kuwa chakula hakikupita. Baada ya robo saa alitapika nje ya banda.

Kila jioni mwongozaji mkuu huwauliza wapandaji maswali manne yanayotokana na kipimo cha Lake Louise: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, huo huhesabiwa kuwa ugonjwa wa mwinuko, na mtu hapandi zaidi. Karatasi ya jioni ile ninayo. Kwenye mstari wa Bi. Z., kichwa kimeandikwa 1, uchovu 1, kizunguzungu 0. Kwenye tumbo iliandikwa 2, kisha ikakatwa kwa mstari mmoja wa wino wa buluu na pembeni yake ikaandikwa 0, na mbele ya sifuri hiyo neno moja: “dawa”. Mwongozaji alipouliza habari ya kutapika, aliyejibu alikuwa Bw. K.: “Ni ile dawa ya malaria, ameimeza tumbo tupu. Nimemwona mimi mwenyewe.” Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 83, ambacho kwa mwinuko ule ni cha kawaida. Jumla ikawa 2.

Saa tisa usiku wote wanne waliondoka na waongozaji wawili. Saa kumi na dakika arobaini hivi, karibu na mita 4,600, mwongozaji aliyekuwa nyuma ya Bi. Z. aliona mwanga wa taa yake ya kichwani unayumba kulia na kushoto. Alimsimamisha kwenye sehemu tambarare akamwambia: “Dada, weka kisigino mbele ya vidole, hatua kumi, kama unatembea juu ya kamba.” Alipiga hatua tatu akaangukia mkono wa mwongozaji. Alipoulizwa ni siku gani, alijibu sawasawa, lakini baada ya kufikiri kwa muda mrefu.

Mwongozaji mkuu aligawa kundi hapo hapo. Msaidizi wake aliendelea na binamu, ambao hawakuwa na dalili yoyote na waliofika Lenana jua likichomoza. Yeye, Bw. K. na Bi. Z. walirudi Shipton, wakafika saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Bi. Z. alipewa miligramu 8 za deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kufuatana na maelekezo ya daktari yaliyokuwamo ndani ya sanduku la dawa. Aliketi, akanywa maji, akasema anajisikia nafuu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini simu yangu iliita. Bw. K. alikuwa amepanda juu ya mwamba hadi akapata mtandao. Alisema dada yake amezidiwa kidogo lakini ametulia, kisha akauliza: “Ndugu yangu, tukishuka leo moja kwa moja hadi Nanyuki, ile loji ya Samburu itarudisha pesa au imekwenda?” Nilifungua mkataba, nikautazama, nikamjibu kwamba imekwenda, kwa kuwa ndani ya siku 14 hawarudishi. Alinishukuru akakata simu. Yaliyofuata niliambiwa baadaye: alirudi kambini akapendekeza wangoje binamu washuke, wote wanywe chai, kisha waende Old Moses kama ratiba ilivyosema, ili Jumanne isiharibike. Mwongozaji alipinga. Walibishana kwa upole, kama wanavyobishana watu ambao mmoja wao ndiye anayelipa.

Saa moja na dakika kumi mwongozaji mwenyewe alinipigia. “Huyu dada hawezi kutembea mstari mmoja, na hapa tunaongea habari ya kungoja.” Nilimwambia washuke dakika ile ile, na nikamwomba Bw. K. aje kwenye simu nimwambie hivyo yeye mwenyewe. Waliondoka saa moja na nusu, Bi. Z. akishikiliwa na wapagazi wawili kwa zamu. Land Cruiser iliwakuta Old Moses saa saba mchana, na saa tisa walikuwa hospitalini Nanyuki.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kupanda mlima kabla ya mbuga ulikuwa wetu, na bado ninautetea. Anayetanguliza mbuga zenye malaria anaweza kuumwa na mbu huko na homa ikamtokea wiki moja au zaidi baadaye, akiwa kambini mita 4,200, mahali ambapo kichwa kinachouma kina maelezo mengine tayari na maabara haipo. Aidha, mwili uliochoka na mlima hupumzika vizuri ndani ya gari la kutazama wanyama, hali mwili uliokaa garini wiki nzima haujiandai kwa lolote.

Uamuzi wa kukata siku tatu, na zote upande wa mlima, ulikuwa wa hesabu za pesa. Siku ya mlima huweza kufutwa kwa simu moja kwa mwongozaji. Siku ya loji iliyolipiwa haifutiki. Kwa hiyo kila mara ratiba inapobanwa, sehemu yenye hatari zaidi ndiyo inayotoa na sehemu yenye starehe ndiyo inayobaki. Sikuliona hili kuwa uamuzi nilipolifanya. Nililiona kuwa kusogeza visanduku kwenye jedwali.

Uamuzi wa mwongozaji kufuta alama ya tumbo ulikuwa na sababu ya haki, kwa maana doksisaiklini juu ya tumbo tupu hutapisha kweli. Uamuzi wake wa kugawa kundi gizani ulikuwa sahihi na ulifanywa bila kusita, kwa sababu kuyumba kwa mtu aliye juu ni dalili ya ubongo kuvimba, na tiba yake ya kwanza ni kushuka.

Matokeo

Daktari alimpima Bi. Z. malaria, kwa kuwa ametoka pwani, na majibu yalikuwa hana. Alilazwa usiku mmoja. Asubuhi ya Jumanne alitembea hatua kumi za kisigino mbele ya vidole katika ukumbi wa wodi, mama yake akimtazama kutoka kwenye benchi. Mama huyo alikuwa ameshuka kwenye matatu mjini Nanyuki Jumatatu jioni akitarajia kuchukuliwa na wanawe kesho yake, akapokewa na mimi, niliyeendesha gari kutoka Nairobi mchana ule.

Daktari aliruhusu Samburu kuanzia Jumatano, kwa sababu iko chini, karibu mita 900, lakini alikataa ndege ya Mara. Ndege ndogo zinazotumika njia hiyo haziongezi shinikizo la hewa ndani kama zile kubwa, na huruka zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Familia ililala Samburu usiku mbili na Ol Pejeta usiku mmoja, ikarudi Nairobi kwa barabara. Usiku wa kwanza wa Samburu, nauli za ndege na kambi ya Mara zilipotea. Binamu waliofika kileleni walikuwa na misuli ya mapaja iliyokaza kiasi kwamba Jumatano walipandishwa garini kwa kushikwa mikono, na walisinzia katika mzunguko wa kwanza. Mama ndiye aliyewaamsha kuwaonyesha swala twiga aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya mgunga.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine ni kwamba siku ya mwisho ya mlima iligusana na siku ya kwanza ya mbuga. Kila kitu kilichokwenda kombo kilipitia kwenye mgusano huo. Chukua dawa ya malaria. Kama kungekuwa na siku mbili tupu Nanyuki baada ya kushuka, Bi. Z. angeianza akiwa hotelini, baada ya chakula, na kutapika kwake kule Shipton kusingekuwa na mahali pa kujificha. Jumla ya karatasi ile ingekuwa 4, na Jumatatu asingeondoka kambini. Tulimpa mtu dawa inayoleta kichefuchefu siku ile ile tuliyokuwa tukitegemea kichefuchefu kutuambia kama ni mgonjwa.

Ndiyo maana simlaumu sana mwongozaji kwa ule mstari wa wino. Ninachokisahihisha ni kanuni yenyewe. Juu ya mita 3,000, dalili huhesabiwa kwanza kuwa ya mwinuko hata kama ina maelezo mengine mazuri, na maelezo hayo husikilizwa mtu akiwa ameshashuka. Kipimo cha kidoleni nacho kilimpa faraja isiyo na msingi. Mita 4,200 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 60 ya lile la Mombasa, na watu wawili wenye asilimia 83 inayofanana wanaweza kuwa mmoja mzima na mwingine mgonjwa.

Mzio wa salfa ulikuwa onyo tulilolisoma vibaya. Tuliuona kuwa suala la dawa: hawezi kuimeza, basi asiimeze. Ulipaswa kuwa suala la ratiba. Asiyeweza kupata kinga ya dawa amebakiwa na kinga moja tu, nayo ni kupanda polepole, na kinga hiyo ndiyo tuliyoikata.

Njia ya Sirimon pia ina tabia ambayo wapangaji hawaizungumzii vya kutosha. Wepesi wa mteremko wake huifanya njia nzuri ya kuzoea mwinuko, na wepesi huo huo huifanya njia ndefu ya kumwokolea mtu, kwa sababu kutoka Shipton unatembea kilomita nyingi ndipo ushuke mita chache. Bi. Z. alitumia saa tano na nusu kushuka mita 900. Anayeipenda njia hiyo, kama ninavyoipenda mimi, lazima afanye uamuzi wa kushuka mapema zaidi kuliko kwenye njia ya Naro Moru, ambayo ni fupi na yenye mteremko mkali zaidi.

Nakuja kwenye simu ya saa kumi na mbili na dakika ishirini. Bw. K. ni mtu anayempenda dada yake. Aliuliza swali la pesa kwa sababu mimi ni mtu wa pesa, ndimi niliyemwuzia loji, na pengine kwa sababu swali lile lilikuwa rahisi kulitamka kuliko lile jingine. Nilijibu swali nililoulizwa, kwa usahihi, na jibu langu likachelewesha kushuka kwa muda wa karibu saa nzima. Nilipaswa kuuliza kwanza: anaweza kutembea mstari mmoja? Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi kuliko jambo jingine lolote katika kisa hiki.

Vilivyofanya kazi navyo visisahaulike. Kuwa na mwongozaji msaidizi kulifanya kundi ligawanyike bila mtu kuachwa peke yake. Jaribio la hatua kumi halikuhitaji chombo chochote na lilitoboa ukweli ambao kipimo na karatasi vilikuwa vimeuficha. Na wazo la kutanguliza mlima lilibaki zuri hata siku ya msiba wenyewe, kwa kuwa mbuga iliyo chini ilikuwa mahali salama pa mgonjwa kupona.

Yaliyobadilishwa

Sasa anayetoka pwani hulala usiku mbili Nanyuki au Ol Pejeta kabla ya mlima, mahali palipo juu kidogo kuliko Nairobi. Hapo anaona vifaru kwanza na mwili wake unaanza kuzoea, kwa hiyo kipande cha mbuga kimehamia mbele ya mlima. Baada ya kushuka kuna siku mbili tupu zisizouzwa. Loji haziingizwi kwenye mkataba wa siku zisizofutika kabla ratiba ya mlima haijafungwa. Mwongozaji ana idhini ya maandishi, iliyosainiwa na mteja Nairobi, ya kushusha mtu bila kumpigia yeyote. Maswali ya marejesho ya pesa hayajibiwi hadi mgonjwa afike langoni.

Bi. Z. aliisoma rasimu ya uchambuzi huu. Hakubadilisha kitu, ila aliomba jambo moja liongezwe. Jioni ile Shipton, kaka yake alipomjibia mwongozaji, yeye alikuwa macho na alisikia. Alijua kwamba kichwa kilianza kumgonga mchana, saa nyingi kabla ya kidonge. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amepiga hesabu ya saa, na kwa hesabu yake mama alikuwa ameshapanda treni.